Fundi wa Mwanjelwa na chumba cha kufulia cha Herzogenaurach

Huu ni mwaka wangu wa saba Nürnberg, kusini mwa Ujerumani, na kila ninaporudi Mbeya kwa likizo hukutana na maelezo yaleyale: wenzetu wana umeme, wana mitaji, tena wana akili, ndiyo maana wanatengeneza raba ambazo sisi tunagombania belo la mitumba linapofunguliwa katika soko letu la Mwanjelwa. Siyakubali maelezo hayo. Ushahidi wangu uko mwendo usiofika saa moja kutoka ninapolala, katika mji wa Herzogenaurach wenye wakazi wapatao 24,000, mji ambao mtu wa Mbeya angeuita kata.

Hapo ndipo ilipozaliwa Adidas. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kijana Adolf Dassler, ambaye watu walimwita Adi, alianza kushona viatu katika chumba ambacho mama yake alikuwa akifulia nguo. Nchi ilikuwa imeshindwa vita, ngozi ilikuwa adimu na umeme ulikuwa wa kubahatisha, hivyo mashine yake aliiunganisha na baiskeli iliyokanyagwa na mtu, na sehemu ya malighafi aliitoa katika mabaki ya vifaa vya jeshi. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nilimwona baba yangu mdogo, ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekaa katika kibanda chake karibu na soko la Sido, akikata matairi chakavu kuwa katambuga na kushona raba za watu, umeme uwepo usiwepo.

Basi tofauti ilitoka wapi? Mwaka 1924 Adi na kaka yake Rudolf waliandikisha kiwanda kwa jina la ukoo wao, na hilo lina uzito wake, lakini mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa jingine. Adi mwenyewe alikuwa mwanamichezo, na hakusubiri mteja aje dukani. Alipeleka kiatu uwanjani, akamwuliza mkimbiaji kinamuumiza wapi, akarudi kukirekebisha. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, Lina Radke alishinda mita 800 akiwa na viatu vya ndugu hao, na mwaka 1936 mjini Berlin Mmarekani Jesse Owens aliyepata medali nne za dhahabu alivaa viatu vyao pia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, mwaka 1954. Ujerumani Magharibi ilikutana na Hungaria, timu iliyokuwa haijafungwa kwa zaidi ya miaka minne, na mvua ilikuwa ikinyesha. Adi alikuwa pamoja na timu ya Ujerumani, na njumu zake zilikuwa na meno ya kufungwa kwa skrubu, kwa hiyo yaliweza kubadilishwa yakawekwa marefu kulingana na tope. Ujerumani ilishinda 3–2. Sidai kwamba meno ya viatu ndiyo yaliyofunga magoli, lakini mtu yeyote aliyewahi kucheza mpira Tukuyu mwezi wa Aprili, akateleza mbele ya goli lililo wazi, hahitaji kuelezwa thamani ya skrubu hizo.

Sasa rudi kwa baba mdogo. Kwa miaka yote hiyo amefungua raba za kila chapa, za Ulaya na za Asia, na anajua ipi gundi yake huachia kwenye baridi na unyevu wa Uyole, ipi soli yake hukatika katikati, ipi kisigino chake huliwa upande mmoja na vumbi la changarawe. Ni ujuzi uleule ambao Adi aliutafuta viwanjani. Kwetu haujaandikwa popote wala hakuna aliyewahi kumwuliza, na jioni anaufungia katika sanduku pamoja na sindano na nta. Hapo ndipo ninapowalaumu wasomi wetu, nikiwamo mimi niliyevaa viatu vilivyoshonwa na mzee huyo hadi chuoni bila kumwuliza swali hata moja.

Nisieleweke kwamba huku kila kitu ni cha kuigwa. Ndugu hao waligombana mpaka wakagawana mwaka 1948. Rudolf akaanzisha Puma ng'ambo ya pili ya mto Aurach, na Adi akaandikisha Adidas tarehe 18 Agosti 1949, akiwa na wafanyakazi 47. (Mwaka huohuo wa 1949 ilianzishwa Njombe kampuni ya miwati, ambayo magome ya miti yake hutoa dawa ya kusindika ngozi; hadi leo tunauza dawa hiyo nje na kununua viatu.) Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kutoka mikononi mwa familia, Adidas nusura ifilisike. Na leo, ingawa mauzo yake ya mwaka 2024 yalizidi euro bilioni 23, sehemu kubwa ya viatu vyake hushonwa Asia, hasa Vietnam na Indonesia. Kilichobaki Herzogenaurach ni makao makuu, pamoja na watu wanaochora kiatu na kukijaribu.

Huku Ujerumani, soli ikibanduka, ni wachache wanaokwenda kwa fundi, maana ujira wake unakaribia bei ya kiatu kipya. Raba hutupwa katika kontena la nguo za msaada lililo pembeni mwa mtaa, na nimeitupa humo ya kwangu pia, nikijua wazi kwamba huenda ikamfikia baba mdogo.

Likizo iliyopita nilimpelekea daftari, nikamwomba aandike kila kiatu kilichoharibikia wapi. Alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, kisha akauliza litasomwa na nani. Sikuwa na jibu. Juzi dada yangu amenitumia picha: ameshajaza kurasa nne, na ya kwanza imeandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, GUNDI.