Programu za Kuchambua Mikondo ya Ziwa: Msaada Mkubwa, Mtego Uleule

Kipima mkondo kikizamishwa ziwani na kurekodi kila dakika 10, ndani ya mwezi mmoja hukusanya vipimo zaidi ya 4,000. Ukivichora, unapata mstari unaopanda na kushuka, usio na kichwa wala miguu. Hapo programu za kuchambua mfululizo wa wakati hufanya kazi ya thamani kubwa. Hutenganisha mitikisiko kulingana na vipindi vyake: athari ya upepo wa kila siku hujitokeza kama kilele cha grafu kwenye saa 24, na mbembeo wa maji ya ziwa zima, yaani seishi, kwenye kipindi chake. Faida kubwa zaidi iko chini ya uso. Upepo ukiinamisha mpaka kati ya maji moto ya juu na maji baridi ya chini, mpaka huo huendelea kubembea hata upepo ukishatulia, huku juu ziwa likionekana shwari. Mbembeo huo husafirisha virutubisho na hewa ya oksijeni, na ni vigumu mno kuubaini kwa macho.

Tatizo ni kwamba programu haikatai kazi. Ilishe data mbovu, itakuchorea kilele kizuri vilevile. Chukua Ziwa Geneva, kati ya Uswisi na Ufaransa, ambako mwanasayansi Mswisi Forel alichunguza seishi katika karne ya 19: maji hubembea kwa kipindi cha takribani dakika 73. Anayerekodi mara moja kwa saa hawezi kukiona kipindi hicho. Badala yake grafu itamwonyesha mtikisiko wa saa 5 na nusu hivi, ambao ziwani haupo kabisa, na hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini.

Kuna utata mwingine ambao hata data safi haiuondoi. Mzunguko wa dunia huyazungusha maji yaliyokwisha kusukumwa, kwa kipindi kinachotegemea latitudo: karibu saa 17 kwenye nyuzi 45, na karibu saa 24 kwenye nyuzi 30. Katika ziwa lililo kwenye nyuzi 30, kilele cha saa 24 ni cha upepo au cha mzunguko wa dunia? Kilele peke yake hakisemi.

Pamoja na hayo, sioni sababu ya kuziacha programu hizi. Ninachopinga ni kuzifungua kwanza na kufikiri baadaye. Urefu na kina cha ziwa vinatosha kukadiria kipindi cha seishi ya uso wa ziwa: mara mbili ya urefu, gawanya kwa mwendo wa wimbi, ambao ni kipeuo cha pili cha zao la kina na mchapuko wa uvutano. Kilele kikikubaliana na hesabu hiyo, na vipimo vya kimo cha maji kwenye ncha mbili za ziwa vikionyesha upande mmoja unapanda wakati mwingine unashuka, hapo nitaamini. Kwa hiyo mwenye bajeti finyu atumie programu za bure, Python au R, na fedha zake anunulie kifaa cha pili cha kupimia.