17 kati ya ngapi?

Juzi nimepigiwa simu kutoka shuleni: "Mzazi, mtoto amepata 17." Mama yangu, ambaye simu zangu huzisikiliza kuliko mimi mwenyewe, akadakia: "Kati ya ngapi?" Kati ya 40. "Basi kafeli!"

Hajui kwamba huu si mtihani, ni hojaji ya kuangalia hisia na tabia za mtoto, na humu kupata nyingi ndiko kubaya. Simlaumu. Aliyenipigia alilitamka lile 17 kwa sauti ya kutangaza matokeo ya mtihani, kisha akamalizia kwamba mwanangu "ana tatizo la kihisia". Karatasi imesema, nani abishe?

Na karatasi aliijaza nani? Mimi, usiku, macho mazito, nimeikuta chini ya begi imekunjwa mara nne. Maswali 25, kila moja visanduku vitatu: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa. Nilipofika kwenye lile la kupenda kucheza peke yake, kalamu ikagoma. Mwanangu hupanga vifuniko vya chupa sakafuni kwa rangi jioni nzima, na ole wako ukipige kimoja teke. Huo ni upweke au ufundi? Nikatia tiki kwenye kabisa. Ningetia kwenye kiasi angepata 16, na kwa fomu ya mzazi 16 ni mpakani tu. 17 ndiyo inayoingia kundi la juu. Tiki moja ya mtu mwenye usingizi!

Haya, nakiri kwa shingo upande: hojaji hii, iitwayo SDQ, ya daktari wa akili za watoto Robert Goodman, iliyotoka mwaka 1997, si takataka. Ni fupi, na humwibua mtoto mpole anayeumia kimya, yule ambaye mwalimu hamwoni kwa sababu hasumbui. Lakini kazi yake ni kuchuja, si kumpa mtu ugonjwa. Na mipaka yake ya mwanzo ilichorwa kwa watoto wa Uingereza, ili kama asilimia 10 waangukie juu. Tuliache hilo.

Kilichonipandisha hasira ni fomu ya mwalimu. Naye alijaza, akapata 6. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba bila shaka mmoja wetu hakuwa makini. Hakuwa makini! Mwaka 1987 mwanasaikolojia Thomas Achenbach na wenzake walipitia tafiti 119 wakakuta kwamba wanaomwona mtoto mahali pamoja, kama baba na mama, uwiano wa majibu yao ni wastani wa 0.60 (1 ni kulingana kabisa, 0 ni kutohusiana). Wanaomwona mahali tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28. Hawasemi uongo. Mtoto wa nyumbani na mtoto wa darasani ni watoto wawili ndani ya sare moja, na pale majibu yanapopishana ndipo pa kuchimba.

Basi nikaomba fomu zote mbili, nikazilaza mezani. Kwenye kulalamika kuumwa kichwa au tumbo, mimi: kweli kabisa. Mwalimu: si kweli. Nikajiuliza huwa analalamika lini. Jumatatu asubuhi, mlangoni, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi. Fomu huuliza kama mtoto analalamika, haiulizi siku. Na mwalimu angejuaje, ilhali tumbo huwa limeshauma na kupoa kabla ya kufika kwake?

Mwenye tumbo ana miaka 9. Fomu ya kujijazia mwenyewe huanza miaka 11, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo. Nilimkuta na vifuniko vyake, nikakaa sakafuni.

"Jumatatu kuna nini?"

Akasogeza chekundu. "Kipindi cha kwanza tunasoma kwa sauti, mmoja mmoja."

"Na wewe?"

"Mimi hungoja kengele ilie kabla hawajanifikia."

Alhamisi nina kikao na mwalimu. Nitamwambia kuhusu kengele kwanza. Hizo 17 tutazijadili muda ukibaki.