Plastiki udongoni: udongo mwepesi si lazima uwe udongo mzima

Matandazo ya plastiki yana watetezi wenye hoja nzito. Karatasi ya poliethilini juu ya tuta huzuia unyevu usipotee, hupasha udongo joto na kuyanyima magugu mwanga. Palipo na ukame, hayo si mambo madogo.

Balaa huja baada ya mavuno. Karatasi huchanika, mabaki yakalimiwa humohumo msimu hadi msimu, yakawa vizuizi vya maji na mizizi. China, mtumiaji mkubwa wa matandazo haya, ilitoa mwaka 2017 kiwango kipya kilichopandisha unene wa chini kutoka milimita 0.008 hadi 0.010, maana karatasi nyembamba mno haiokoteki. Hapa sioni ubishi.

Ubishi uko kwenye chembe za plastiki zisizofika milimita 5: je, zinaudhuru udongo au zinausaidia? Madini ya udongo yana takriban gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo. Poliethilini haifiki hata gramu 1. Ukivichanganya, udongo huwa mwepesi. Majaribio ya watafiti wa Berlin yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha nyuzi za poliesta, plastiki ya kutengenezea nguo, zikiufanya udongo usishindiliane na ushike maji zaidi. Mwaka uliofuata, wakaona vitunguu vya majani vikiongeza mizizi kwenye udongo wenye nyuzi hizo. Mtu akiishia hapo ataiuza plastiki kama mbolea!

Lakini nyuzi hizohizo zilipunguza vibonge vya udongo visivyosambaratika majini, na hivyo ndivyo vinavyokabili mmomonyoko. Kipimo cha kaboni, kinachotumika kukadiria mboji udongoni, nacho hudanganyika. Zaidi ya asilimia 85 ya uzito wa poliethilini ni kaboni, kwa hiyo maabara inayochoma sampuli na kupima kaboni inayotoka inaweza kuihesabu pamoja na mboji, ingawa vijidudu vya udongo karibu hawapati chochote humo.

Ni haki kukiri kwamba majaribio mengi hutumia plastiki nyingi kuliko iliyopo katika mashamba ya kawaida, hivyo mavuno hayaporomoki kesho. Hata hivyo, karatasi huweza kukusanywa. Nyuzi zinazotoka kwenye nguo zinazofuliwa, zikafika shambani ndani ya tope la majitaka linalotumiwa kama mbolea, hakuna reki ya kuzitoa. Kama ni kuanza kubana sheria mahali, ningeanzia kwenye tope hilo kabla ya matandazo.