Mwambieni kwamba mama yake amefariki, msimwambie kasafiri

Jana nimetoka kazini roho imenikunjuka lakini hapo hapo nina hasira na sisi. Nafanya kea, yaani kazi ya kutunza watu, huku Leicester Uingereza, nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili, na mmoja wao kafiwa na mama yake. Basi kabla hajaambiwa tumekaa kikao kizima, nani amwambie (yule aliyezoeana naye kuliko wote), wapi, kwa maneno gani. Kaambiwa wazi, mama amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi tena. Usiku kauliza upya, kajibiwa vile vile bila kukaripiwa. Na nguo ya mazishini kachagua mwenyewe.

Sasa njoo nyumbani. Mtoto wa mama yangu mdogo kule Muheza, mtu mzima ana ndevu zake, naye ana ulemavu kama huo, siku mama yake kafa yeye kapelekwa kwa jirani mpaka watu warudi makaburini, eti mama kasafiri. Ikawa kila basi la Tanga likishusha abiria yeye mbio barabarani. Miezi ikapita akaacha kula, akaanza kupiga watu, wakasema ana mashetani, aitwe mganga. Jamani si majonzi yale! Huku tunafundishwa kabisa kwamba huzuni ya watu kama hawa inaweza kuchelewa na ikatoka kwa fujo au kwa ukimya, usikimbilie kusema ni ule ulemavu wake.

Najua mtaanza, huyu kashaona barafu anataka kutufundisha kuzika. Kwenye kuzika sisi tunawazidi mbali sana. Huku maiti inasubiri wiki mbili tatu, ibada nusu saa, kila mtu kwake. Na mlemavu aliyeishi na mama yake mpaka kapata mvi, mama akifa anaweza kuhamishwa wiki hiyo hiyo akalale kwa watu asiowajua, kapoteza mama kapoteza na nyumba. Kwetu shangazi anamchukua usiku ule ule wala hakuna fomu.

Ndio maana inaniuma. Daktari wa huku Uingereza, Sheila Hollins, na mwenzake mwaka 1989 walitoa vitabu vya picha peke yake ili mtu asiyejua kusoma aone kifo cha mzazi na mazishi yake. Sisi vyote viko uani, turubai, ubani, watu wanaolia, udongo unatiwa kwa mkono, watu wanalala matangani, khitma, arobaini, halafu mtoto wa marehemu ndiye tunayemfungia nje!

Atapiga kelele? Nani hapigi kelele msibani? Haelewi? Profesa Irene Tuffrey-Wijne wa Kingston University kule London anafundisha kwamba habari mbaya unampa vipande vidogo vidogo, kadiri anavyoweza kubeba, leo hiki kesho kile. Hakuna muda, maziko alasiri? Dakika tano za kumshika mkono na kumwambia zipo. Na wewe unayetaka kuniandikia kwamba mila zetu haziruhusu, nitajie ni mila ya kabila gani inayomkataza mtoto kumzika mama yake.