Lugha ya Mama Kinywani mwa Muuaji

Ipo methali ambayo sisi Waswahili huwa wepesi kuitoa tunapotaka ugomvi uishe: yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Nimeisikia mara nyingi ikielekezwa kwa Wayahudi. Vita vilikwisha mwaka 1945, husema wasemaji, Ujerumani imelipa fidia, viongozi wake wameomba radhi mbele ya dunia nzima, sasa kwa nini hadi leo muziki wa Richard Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani wa karne ya 19, ukipigwa Israel panazuka zogo? Ninaamini kwamba methali hiyo, pamoja na uzuri wake, haifai kutolewa na mtu wa pembeni kwa niaba ya mfiwa, na kwamba wanaoitoa hawajajiuliza ni kitu gani hasa Wayahudi walinyang'anywa pamoja na ndugu zao milioni 6 waliouawa na Wanazi.

Walinyang'anywa lugha. Kabla ya mwaka 1933 Wayahudi wapatao nusu milioni waliishi Ujerumani, na wengine wengi kuanzia Vienna na Praha hadi miji ya mbali ya mashariki walikulia katika Kijerumani. Ndicho walichobembelezewa nacho utotoni, ndicho walichosomea na kuchumbiana, na takriban 12,000 kati yao walikufa wakiwa wamevaa sare ya jeshi la Ujerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mshairi Paul Celan alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Czernowitz, ulio Ukraine ya leo, na mama yake alikipenda Kijerumani fasaha kiasi cha kutotaka kiborongwe nyumbani. Mwaka 1942 wazazi wake walichukuliwa kwa nguvu na kupelekwa kambini. Baba akafia huko, mama akapigwa risasi. Celan alizijua lugha nyingine kadhaa na aliishi Paris kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini mashairi yake aliendelea kuyaandika kwa Kijerumani hadi alipofariki mwaka 1970. Alipopokea tuzo mjini Bremen mwaka 1958 alieleza kwamba katika yote yaliyopotea, lugha peke yake ndiyo iliyobaki, ila ilibidi ipite katika ububu wa kutisha na katika giza la maneno ya mauti. Nikimsoma, namwona mtu ambaye maneno ya kumlilia mama yake ni yale aliyofundishwa na mama huyo, na ni hayo hayo yaliyotumika kutolea amri ya kuua.

Mwanafikra Hannah Arendt, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani, alipohojiwa katika televisheni ya Ujerumani Magharibi mwaka 1964, alisema kilichomsalia ni lugha ya mama, na kwamba si Kijerumani kilichoingiwa na wazimu. Nakubaliana naye. Hata hivyo siwezi kumlaumu Myahudi mwingine ambaye, aliposikia lugha hiyo katika basi la Tel Aviv, mwili ulimsisimka akataka kushuka. Katika miaka ya mwanzo ya Israel, pasipoti za nchi hiyo zilipigwa muhuri kwamba zinafaa kwa nchi zote isipokuwa Ujerumani, na wahamiaji waliotoka Ujerumani, wale walioitwa Jeckes, walikaripiwa barabarani kwa kuongea lugha yao. Hapo ndipo moyo wangu unapouma zaidi, kwa sababu waliokaripiwa walikuwa wenyewe wakimbizi wa Hitler, na lugha waliyokatazwa kuisema ilikuwa mali yao kabla haijawa silaha ya mtu mwingine.

Suala la fidia liliwagawa watu hata zaidi. Januari 1952 Bunge la Israel, Knesset, lilipojadili kama serikali izungumze na Ujerumani Magharibi, kiongozi wa upinzani Menachem Begin aliwahutubia maelfu ya watu katikati ya Yerusalemu, na umati ukaenda kurusha mawe hadi vioo vya madirisha ya Bunge vikavunjika wakati wabunge wakiwa ndani. Kwa Begin, aliyepoteza wazazi wake katika Holokosti, mauaji hayo ya Wayahudi, kupokea fedha hizo kulikuwa kuiuza damu. Kwa Waziri Mkuu David Ben-Gurion, kuzikataa kulikuwa kumwachia muuaji arithi mali ya aliyemuua, naye alikuwa na mamia ya maelfu ya wahamiaji wa kuwalisha. Kura zilikuwa 61 kwa 50, na mkataba wa marki bilioni 3 kwa Israel ulitiwa saini Luxembourg tarehe 10 Septemba mwaka huo huo. Kwa maoni yangu Ben-Gurion alikuwa sahihi, lakini hoja yake ilihusu mali, wala haikuhusu msamaha, na wanaosema leo kwamba fidia ilifunga mjadala wanaichanganya risiti na rambirambi.

Turudi kwenye muziki. Okestra ya Palestina, iliyoanza mwaka 1936 na kukusanya wanamuziki wa Kiyahudi waliofukuzwa kazini Ulaya, ilikuwa ikipiga muziki wa Wagner bila taabu. Ilipofika Novemba 1938, baada ya usiku ambao masinagogi yalichomwa moto kote Ujerumani, iliondoa utangulizi wa opera yake mojawapo katika ratiba na kuweka mahali pake kazi ya mtunzi Weber. Weber naye alikuwa Mjerumani. Muziki wa Beethoven uliendelea kupigwa, na wa Brahms pia, wote Wajerumani. Kwa hiyo si kweli kwamba Wayahudi waliususa utamaduni mzima wa Kijerumani kwa upofu; walichagua jina moja, la mtu aliyeandika mwaka 1850 kuwakashifu Wayahudi katika muziki na ambaye Hitler alimtukuza, wakaweka huzuni yao hapo. Kumjibu manusura kwamba Wagner alikufa mwaka 1883, kabla Hitler hajazaliwa, ni kusema kweli isiyomsaidia.

Ukatili wa kutetea huzuni hiyo siukubali. Mwaka 1953 mpiga fidla Jascha Heifetz, yeye mwenyewe Myahudi, aliombwa asipige nchini Israel kazi ya Richard Strauss, mtunzi wa Kijerumani aliyeshika wadhifa chini ya Wanazi, akakataa, na nje ya hoteli ya King David mtu alimshambulia kwa nondo. Heifetz aliikinga fidla kwa mkono wake wa kulia, mkono wa upinde. Lakini mwaka 1981, kiongozi wa okestra Zubin Mehta alipotaka kupiga muziki wa Wagner mjini Tel Aviv na kuwaambia wasiotaka wako huru kuondoka, mhudumu mmoja wa ukumbi alisogea mbele, akafungua shati, akaonyesha makovu yake. Sioni ni hoja gani ya sanaa ingeweza kumjibu. Miaka 20 baadaye, tarehe 7 Julai 2001, kiongozi wa okestra Daniel Barenboim, Myahudi naye, alimaliza tamasha mjini Yerusalemu akiwa na okestra kutoka Berlin, akawageukia watazamaji na kuwauliza kama wangependa kusikia Wagner. Walibishana kwa takriban nusu saa. Baadhi walitoka wakipiga kelele na kubamiza milango, wengi wakabaki kusikiliza. Nusu saa hiyo naithamini kuliko muziki wenyewe, kwa kuwa hakuna sheria iliyoamua. Waliamua wenyewe, kila mtu na kiti chake.

Wapo pia waliorudi. Mwaka 1948 Kongamano la Wayahudi Duniani lilitamka kwamba Wayahudi wasikae tena katika ardhi ya Ujerumani iliyolowa damu, na waliokaa walijieleza kwa miaka mingi kuwa wanaishi juu ya masanduku yaliyokwisha kufungwa. Mmoja wa waliorudi alitoka kwetu Afrika Mashariki. Stefanie Zweig, aliyekuja kuwa mwandishi, alifika Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto mdogo, akakua akisema Kiswahili shambani ambako baba yake, mwanasheria, alikuwa msimamizi. Mwaka 1947 baba huyo aliirudisha familia Ujerumani, akawa hakimu Frankfurt, kwa sababu sheria ya Kijerumani ndiyo kazi aliyoijua. Ndugu zao waliobaki walikuwa wameuawa. Anayemwona msaliti na ajaribu kwanza kuishi miaka tisa bila taaluma wala lugha yake.

Februari 2000 Rais wa Ujerumani, Johannes Rau, alihutubia Knesset kwa Kijerumani, lugha ambayo haikuwahi kutumika kuhutubia Bunge hilo. Baadhi ya wabunge hawakuingia ukumbini. Rau hakulalamika juu ya viti vilivyokuwa vitupu. Alisema anainama kwa unyenyekevu mbele ya waliouawa, ambao hawana hata makaburi ambako angeweza kwenda kuwaomba msamaha.