Kuhesabu Ndege wa Bahari Nayo ni Kazi

Mjomba wangu alivua jodari zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kununua kifaa cha kutafutia samaki. Alitazama buabua, wale ndege wa bahari wenye mkia wa panda. Akiwaona wametawanyika, kila mmoja na njia yake, anaendelea kunywa kahawa. Akiwaona wamekusanyika mahali pamoja, wanashuka na kupanda, wanashuka na kupanda, anajua huko chini jodari wanawasukuma vidagaa juu, basi anamwashiria nahodha ageuze. Na jioni, alisema, buabua anayeruka amenyooka bila kutazama maji huyo anarudi kulala. Mfuate, utaona fungu, kisiwa kidogo cha kulala ndege.

Nimemkumbuka kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza shahada ya sayansi za bahari alinikuta barazani akaniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kutafiti ndege wa bahari. "Kaka, inalipa?" Nilicheka. Baadaye nikaona swali lake ni la haki kabisa, na jibu nililompa lilikuwa fupi mno.

Miaka kadhaa nyuma nilipata bahati, kwa misimu miwili, ya kumbebea mizigo mtafiti mmoja aliyekuwa akienda Fungu la Kizimkazi, kile kisiwa ambacho ramani za Waingereza hukiandika Latham. Ni bamba la matumbawe lisilo na mti hata mmoja, kusini mashariki mwa Unguja, limepakwa mavi ya ndege hadi linang'aa. Huendi siku unayotaka wewe. Kusi, ule upepo mkali wa kusini, ikivuma huna pa kutia boti, kwa hiyo unasubiri maleleji, kipindi cha bahari tulivu kati ya misimu ya upepo, na unaomba yasikatike ukiwa kulekule. Tuliondoka usiku wa manane. Alfajiri tulisikia kelele kabla ya kuona ardhi, kisha ikaja harufu. Harufu ile, hata ukioga mara tatu ukirudi, watu wa nyumbani wataijua tu.

Kosa langu la kwanza nililifanya saa ileile ya kwanza. Kulikuwa na bubi, wale ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi kama waliovaa barakoa, na nilipewa mmoja nimshike avishwe pete ya mguuni yenye namba, ili atambulikane akionekana tena. Alikuwa ameshaning'ata mara mbili. Nikamkamata mdomo nikaufumba kwa nguvu, nikajiona fundi. Mtafiti akanipiga kofi la mkono: "Unamnyonga!" Kumbe bubi hana tundu za pua kwa nje. Ndege anayejitupa baharini kutoka juu kama jiwe, maji yangemwingia puani, basi pua zimezibwa na pumzi anavuta kwenye pembe za mdomo. Ukimshika unaacha kidole kati ya taya ya juu na ya chini. Kidole changu kina kovu hadi leo, lakini ndege alipumua.

Kisha akanitapikia. Samaki wawili wa wale warukao na nusu ya ngisi, vyote juu ya suruali yangu. Mtafiti aliacha pete akakimbilia mfuko wa plastiki na rula, uso wake umejaa furaha kama aliyeokota pesa. Hapo ndipo anapojua ndege amekula nini na samaki alikuwa na urefu gani, bila kumchana mtu tumbo. Nilisimama nimelowa, yeye akiandika sentimita.

Mambo hayo vyuoni yanafundishwa kwa picha. Lipo lingine ambalo sidhani linafundishika. Bubi hutaga mayai mawili kwa kawaida, na yakianguliwa yote, kifaranga mkubwa humsukuma mdogo nje ya kiota, kama unaweza kukiita kiota kile kiduara cha mavi na changarawe. Mdogo hulala juani akilia, na mzazi yuko hatua moja tu. Hamjali. Mtafiti naye haruhusiwi kumrudisha, maana ukimrudisha mmoja umeharibu hesabu unayotaka kuijua. Nilimwona mtafiti wangu, mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu, akigeuza uso na kujifanya anatafuta penseli.

Penseli, ndiyo. Kalamu ya wino hufutika na maji ya chumvi, simu huzima kwa joto, lakini penseli na daftari la karatasi isiyolowa huishi miaka. Na ndani ya daftari hilo ndimo kazi yenyewe ilimo. Tuliwekewa viwanja vya kamba, mimi na mwenzangu tukahesabu kila mmoja peke yake mayai ya buabua katika kiwanja kilekile. Kiwanja cha nne mimi nilipata 61, mwenzangu 68. Nikapendekeza, kama Mswahili mwema, tupatane katikati. Nilitazamwa kama mwizi. Zinaandikwa zote mbili, na majina ya waliohesabu, kwa sababu tofauti yetu nayo ni taarifa: inamwambia atakayesoma baadaye macho ya binadamu hukosea kwa kiasi gani. Mtu anayeona aibu kuandika kosa lake asiingie kazi hii. Akatafute siasa.

Nusu ya pili ya kazi haina bahari kabisa. Ni kiti na kompyuta, na programu ya takwimu iitwayo R ambayo hukugombeza kwa sababu ya mkato mmoja uliousahau. Ni maombi ya fedha, vibali, ripoti. Kwa kila mwezi mmoja wa kisiwani mtafiti wangu alikaa ofisini miezi mingi, na vijana wengi wanaopenda ndege hukimbia wakifika hapo. Siwalaumu, ila wajue mapema.

Lakini ukiniuliza ujuzi mkuu ni upi, nitakwambia ni kurudi. Mwaka 1956, kwenye kisiwa cha Midway katikati ya Pasifiki, Mmarekani Chandler Robbins alimvisha pete albatrosi jike, ndege mkubwa wa bahari, mmoja kati ya maelfu. Mwaka 2002 Robbins huyohuyo alirudi Midway akamkuta ndege yuleyule. Miaka 46! Ndege akaitwa Wisdom, na mwishoni mwa 2024 alitaga yai tena akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 74. Pete zake zimechakaa na kubadilishwa mara kadhaa. Tunajua umri huo kwa sababu kila pete ilipochakaa palikuwa na mtu wa kuisoma, kuivua, kuvisha mpya na kuandika namba kitabuni. Katika mnyororo ule, mtu mmoja tu angeshindwa kurudi, Wisdom angekuwa albatrosi kama wengine.

Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyomfuata ndege mwenyewe. Buabua wa Aktiki waliofungwa vifaa vya gramu 1.4 huko Greenland na Iceland walionekana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wakisafiri wastani wa kilomita 70,900 kwa mwaka, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine na kurudi. Watu husikia hivyo wakadhani mashine imemaliza kazi. Kifaa kile hakirushi habari hewani. Kinahifadhi tu vipimo vya mwanga, na ili uvisome lazima umkamate tena ndege yuleyule, mwaka unaofuata. Tumerudi palepale.

Na hapa ndipo ninapopata hasira kidogo. Kazi yenyewe ni kurudi, lakini inavyolipiwa ni kana kwamba ni kuja mara moja. Fedha hutoka kwa mradi wa miaka miwili au mitatu. Mradi ukiisha, daftari linafungwa kabatini. Mjomba, ambaye ndiye aliyetuonyesha pa kutia nanga, aliuliza siku ya mwisho: "Mwakani mnakuja lini, nimwambie mwenye boti?" Kila mtu akajishughulisha na mizigo.

Kuingia kwenyewe nako kuna mlango wa ajabu. Matangazo mengi ya kazi hii yanataka uzoefu wa msimu mmoja au miwili kisiwani, na uzoefu huo mara nyingi hupatikana kwa kujitolea bila mshahara, nauli juu yako. Mtoto wa nani atakaa miezi minne akihesabu mayai bure huku nyumbani wanasubiri atume ya unga? Basi anayepata uzoefu ni mwenye baba wa kumlipia, kisha tunashangaa kwa nini mtafiti huja na ndege ya kutoka mbali na Mswahili huja kubeba ndoo. Nilibeba ndoo, sina kinyongo. Lakini wavuvi wetu wanajua upepo na mikondo, wanajua ni fungu gani lina mayai mwezi gani. Ni kweli pia wamekuwa wakiyaokota mayai hayo wakala, na hilo tusilifiche. Mtu anayejua mayai yalipo mara nyingi huyajua kwa tumbo. Mwajiri mwenye akili angeona hapo nusu ya mafunzo imeshafanyika.

Nikiambiwa kwamba kuhesabu ndege ni starehe ya wenye nafasi, huwataja pengwini wa Afrika Kusini. Wanakula dagaa, na meli za uvuvi zinataka dagaa haohao. Kuanzia 2008 serikali ilijaribu kufunga na kufungua uvuvi kuzunguka baadhi ya visiwa huku watafiti wakihesabu na kupima vifaranga, mwaka baada ya mwaka. Oktoba 2024 pengwini hao waliingizwa katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na jozi zinazozaa zilikuwa zimeshuka chini ya 10,000. Machi 2025 watetezi wa ndege na wenye meli walifikia makubaliano, Mahakama Kuu ya Pretoria ikayafanya amri: maji kuzunguka maeneo sita wanakozaliana pengwini yafungwe kwa uvuvi wa dagaa kwa miaka 10. Hakimu hakupelekewa huruma. Alipelekewa madaftari.

Kwa hiyo kijana wangu, jibu refu ni hili. Inalipa vibaya, na kwa vipande. Ningekuwa na ofisi ningebandika tangazo pale diko la Kizimkazi, kwa Kiswahili: Anatakiwa mtu asiyetapika kwenye boti na asiyechukia kutapikiwa. Ajue kusoma upepo. Ajue kuandika 61 wakati mwenzake ameandika 68. Kompyuta tutamfundisha. Awe tayari kurudi maleleji yajayo, na yanayofuata, na yanayofuata tena. Mshahara upo, kila mwezi, hata miezi ya kusi.