Picha iliyosifiwa mpaka nikaanza kuogopa

Jamani mimi sio fundi wa picha, nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300 ambayo ukiishika kidogo tu bega linaanza kulalamika, ila ndege nawapenda balaa. Sasa kuna huyu keremkerem, wale ndege wanaokula nyuki, uzuri wao ni kwamba akishadaka mdudu mara nyingi anarudi kutua palepale alipotoka, kwahiyo huna haja ya kumkimbiza, unachuchumaa unamtegea kwenye kijiti chake. Nikamtegea. Akarudi kafungua mabawa yote, nikabonyeza kama sina akili, nikaangalia kwenye kiskrini cha kamera, safi kabisa (kwenye kiskrini kile kila kitu kinaonekana safi, usikiamini), nikairusha kwenye simu nikawatumia jamaa zangu wa picha: "Naomba maoni, msinionee huruma."

Wa kwanza dada mmoja ambaye huwa hasifii kitu. "Hongera, hilo jicho kali hatari!" Nikavimba. Maana kwenye picha za wanyama jicho likiwa na ukungu picha imekufa, hata mwili wote ukitoka vizuri. Nikajibu fasta: "Asante dada, mimi nafokasi kwenye jicho tu siku zote."

Wa pili: "Alivyojificha kwenye majani, ulimwonaje?" Hapo nikashtuka kidogo, mbona ndege wangu kakaa peupe, lakini sifa hairudishwi, nikaandika "Uvumilivu tu kaka."

Wa tatu sasa: "Na vile vidole, viwili huku vitatu kule, kakibana kijiti utasema koleo!" Nikahesabu kichwani, ndege mwenye vidole vitano? Nikasema huyu hajalala vizuri, nikampa dole gumba.

Ndio akaja mzee wetu, yule aliyepiga picha tangu enzi za filamu. Nikamwamkia kwanza. "Marahaba mwanangu. Picha nzuri sana, ila hilo lidege lenye ukungu huko nyuma likate, linamharibia kinyonga wako."

Kinyonga wangu??

Nikafungua picha nikaivuta kwa vidole. Kushoto kwenye kichaka kuna kinyonga mzima mzima, mkia kaukunja, jicho moja linamtazama ndege na la pili linanitazama MIMI, si unajua macho yao kila moja linazunguka kivyake. Nilikuwa nimeiachia kamera ijichagulie pa kufokasi, na ukiiachia hivyo mara nyingi inadaka kilicho karibu. Halafu lenzi ndefu hivyo, tundu lake la mwanga nimelifungua mpaka f/5.6, sehemu inayotoka kali inakuwa nyembamba sana, kwahiyo kinyonga unahesabu magamba na keremkerem wangu imebaki rangi tu, hata mdomo huuoni.

Na kitu ambacho wale jamaa hawajui ni kwamba mimi kinyonga namwogopa kufa. Kichaka kile kilikuwa hatua chache mbele ya pua yangu. Ningemwona, hiyo kamera mngeiokota nyie.

Lakini tayari nishakula sifa za watu watatu, nizirudishe vipi? Nikamwandikia mzee: "Asante sana mzee wangu, yule ndege nilimwacha makusudi, kuonyesha mazingira anayoishi kinyonga."

Kimya. Halafu: "Sawa mwanangu. Hebu nitumie faili lenyewe nione ulivyoseti, spidi ya shata na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga." Nikamtumia hapohapo ili nionekane sina cha kuficha, shata 1/2000 ya sekunde, kila kitu kipo humo ndani. Sikukumbuka kwamba lile faili nilishalipa jina, nililiita "keremkerem bora kuliko wote".

Akajibu: "Nimelipata. Sasa huyu keremkerem ni yupi?"

Nikamwambia ndio jina la kinyonga.